Nyembo na Mbuzi wa Mahari

Nyembo hakufungua kibanda cha mbuzi hata siku moja bila kupiga hodi. Alisimama nje, mkono kwenye komeo, akasema "Hodi," kisha akangoja kama mgeni asiyejua kama wenyeji wamekwisha kuvaa. Ndani mbuzi alipiga chafya au kukwaruza ukwato, Nyembo akajibu "Aksanti," ndipo akafungua. Majirani wa kambi ya reli ya Kamina walimcheka miaka mingi mpaka kicheko chenyewe kikachoka.

"Mama Nyembo, na siku moja bakikujibu karibu?" aliuliza Mukalay, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Nitaingia. Minyi siko mwizi."

Christelle, binti wa marehemu dada yake, alikulia katika hodi hiyo. Alijua kwamba tantine wake, yaani dada wa mama yake, hakudai kufahamu lugha ya wanyama. "Haisemi kitu," Nyembo alizoea kusema, akigusa chini ya koo. "Inanilemea tu hapa." Na alikosea pia. Aliwahi kumhurumia mbwa wa Mukalay jioni nzima, akisema ana msiba moyoni, kumbe mbwa amekula sabuni. Christelle hakumwacha asahau hilo.

Mwaka ule Gaston Mwepu, fundi wa reli wa Bukama, alikuja kumposa Christelle. Christelle alikuwa na binti mdogo, Masengo, ambaye baba yake alikwenda machimboni na hakurudi. Wazee wa Gaston walikubali ndoa kwa sharti moja: mtoto abaki Kamina kwa Nyembo. Christelle aliinamisha macho. Nyembo naye alinyamaza, na Christelle aliuelewa ukimya ule. Masengo ndiye aliyelala mgongoni mwa tantine kila mchana, ndiye aliyepiga hodi ya pili nyuma yake kwenye kibanda. Bila mtoto huyo, nyumba ingebaki kuta tupu.

Ikafika siku ya mahari. Mbuzi wa mama, yaani mbuzi anayepewa aliyemlea bibi arusi, alishushwa kutoka behewa la mizigo pamoja na Mama Mbayo, shangazi wa Gaston na msemaji wa ukoo. Walichagua mbuzi aliyekwisha kuzaa, ili tumbo la bibi arusi lifuate mfano. Lakini mtoto wa mbuzi huachwa nyumbani. Mbuzi akiingia ua wa mahari na mtoto nyuma yake, watu husema bibi arusi naye haji peke yake.

Mbuzi huyo alikuwa mweupe, paji la uso la kahawia. Alipofungwa kwenye mti wa mpera aligeuza uso kuelekea reli, akalia. Wakampa majani ya viazi, akayaacha. Wakampa maji, akayamwaga. Alilia wakati wa sala, akalia juu ya hotuba ya Kalenga, kaka yake Nyembo, hata Kalenga akapoteza neno na kuketi. Minong'ono ikaanza mlangoni: marehemu mama yake Christelle, huko aliko, anakataa.

"Tuichinje sasa," alisema Kalenga. "Tukule, maneno yaishe."

"Mutachinja mbuzi ya heshima ju ya kulia?" Mama Mbayo aliwaka. "Kulia njo kazi ya mbuzi! Mukiikatala, munatukatala shiye."

Christelle alisimama na sahani ya bukari, yaani ugali, mkononi. Aliona ndoa yake inaning'inia kwenye kamba ile ya mbuzi, na kamba inakatika.

Nyembo alivua viatu. Akaenda kukaa chini kando ya mbuzi, akampa mgongo. Hakumgusa, hakumtazama, hakumwambia nyamaza. Masengo akaja akakaa vilevile, mgongo kwa mbuzi, miguu yake mifupi mbele. Mbuzi alilia juu ya vichwa vyao kwa muda mrefu, wageni wakianza kutazamana. Mwishowe akaweka kidevu begani mwa Nyembo. Hapo ndipo Nyembo alipopeleka mkono nyuma polepole, akapapasa. Kiwele kilikuwa kigumu kama papai bichi.

"Mutoto yake iko wapi?"

"Iko Bukama," alijibu Mama Mbayo. "Anajua kukula majani. Desturi unaijua, mama."

"Ninaijua. Hata mbuzi ya mama yangu ilikuya vile, ikalia, tukaimba kwa nguvu ili tusiisikie." Alimgeukia Mama Mbayo. "Muilete ile mutoto."

"Bantu batatucheka! Batasema tunaoa mwanamuke na mutoto nyuma."

"Na si njo vile iko?"

Nje ya ua Mukalay aliangua kicheko, kisha akakikata, kwa kuwa Nyembo alikuwa analia. Alikuwa akimtazama Masengo, aliyekuwa anachezea ncha ya kamba.

"Minyi nilinyamaza ju nilimutaka huyu," alisema. "Nilijiambia, mutoto anasahau. Leo minasikia aibu. Mbuzi nitaipokea na mutoto yake. Na Christelle mutamupokea na mutoto yake. Kama haiko vile, kamba yenu njo hii."

Christelle alitamani kumziba kinywa. Alitamani pia kupiga magoti. Hakufanya hili wala lile; aliiweka sahani chini.

Gaston, ambaye siku hiyo kwa desturi hakuruhusiwa kusema, alisimama. "Tantine, nitaileta minyi mwenyewe."

Mama Mbayo akamtazama mpwa wake, akakaza kitenge kiunoni. "Bon, haya," alisema. "Alors, basi, tutachekwa."

Treni ya kwenda Bukama ilichelewa, na ya kurudi ikachelewa zaidi. Nyembo alimkamua mbuzi kidogo kidogo ili kumpunguzia maumivu, lakini hakumwahidi kitu. Gaston aliporudi alibeba mfuko, kichwa kidogo cha kahawia kikichungulia. Mbuzi akamnusa mtoto, akampiga kichwa. Akampiga tena. Mtoto alinuka samaki wa kukaushwa na moshi wa behewa. Hakunuka kama mtoto wake.

"Nimemukawisha," alisema Gaston, uso umemshuka.

"Ngoja."

Nyembo alimpaka mtoto maziwa ya mama yake, kichwani na mgongoni mpaka mkiani, akamweka chini. Kisha akakaa akawapa mgongo. Christelle akakaa naye. Hawakugeuka. Nyuma yao walisikia kunusa, kisha kimya, kisha sauti ya kunyonya.

Asubuhi ya safari ya Bukama Nyembo aliwasindikiza Christelle, Gaston na Masengo kituoni. Alizeeka ghafla asubuhi ile, au pengine Christelle ndiye aliyemtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Christelle hakujua kwamba hatamwona tena. Mvua zilipokwisha, habari ya kifo cha Nyembo ilifika Bukama kwa treni, siku za matanga zikiwa zimepita. Mukalay ndiye anayewatunza mbuzi sasa, na husemwa kwamba yeye naye hupiga hodi, akihakikisha kwanza hakuna anayesikia.

Lakini siku ile ya kuondoka, behewa lilipoanza kusogea, Masengo amelala begani mwa mama yake, Nyembo alitembea kando, mkono juu ya mbao.

"Akiamuka ataniita," alisema. "Usimuambie anyamaze, na usimudanganye ati ninakuya. Umukalie tu karibu, umupatie mugongo. Yeye mwenyewe ataweka kichwa."