Jumamosi Nane za Jirani

Mama alinipa miezi mitatu. Nilikuwa nimemaliza diploma ya kompyuta na kurudi nyumbani Nyamira, ambako kila asubuhi nilikunywa chai mlangoni huku nikiwatazama wengine wakiichuma. Ofisi moja mjini Kisii, inayotengeneza programu za shule, ilikuwa imetangaza nafasi moja. Kila mwombaji angechagua lugha moja ya kompyuta na kutahiniwa kwa lugha hiyo. Nikipita, ningeajiriwa. Nikianguka, ningeenda Mosocho kuuza mbolea katika duka la shangazi, ambaye tayari alikuwa amenishonea aproni.

Sijawahi kufanya kazi yoyote kwa bidii kama ile ya kuchagua lugha. Nilianza na Python kwa sababu kila mtu mtandaoni alisema ni rahisi. Wiki iliyofuata nikahamia JavaScript kwa sababu watu walewale walisema kitu rahisi hakina heshima. Kisha PHP, kwa kuwa mwalimu wa kwenye video alikuwa na sauti ya upole. Kisha Java, ambayo mhadhiri wetu aliwahi kusema ni ya watu wazima. Mwezi wa kwanza ulipoisha, nilijua kuifanya kompyuta isalimie dunia kwa lugha nne, na baada ya salamu sikuwa na la kuiambia.

Kisingizio nilikuwa nacho, tena cha kidini. Kozi yangu ilikuwa ya bure mtandaoni, ya kusomea kwenye simu, somo moja kwa siku, na ukiruka siku moja inakurudisha mwanzo. Sisi ni Waadventista. Jumamosi simu haishikwi. Wenye kozi waliishi mbali huko mashariki, na siku yao ilifungwa saa moja jioni kwetu. Jua huzama kidogo kabla ya hapo, lakini nyumbani Sabato hufungwa kwa nyimbo na maombi, na maombi ya mama hayajawahi kuisha kabla ya saa moja. Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa siku ya kwanza, na mtu aliye siku ya kwanza haoni ubaya wa kujaribu lugha nyingine.

Mama alilipeleka jambo hilo kanisani. Alisimama mbele ya watu wote akaomba binti yake asaidiwe kuchagua. Mzee wa kanisa akaniombea nipate lugha yenye mshahara.

Ijumaa iliyofuata mama aliniuliza, "Hiyo kozi inataka wewe, ama inataka mtu tu?"

"Inataka mtu tu abonyeze majibu."

Akatazama ng'ambo ya barabara. Huko aliishi jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane na Mkatoliki, ambaye Jumamosi hupalilia migomba yake bila wasiwasi wowote.

"Mama, amri inakataza hata mgeni aliye ndani ya lango letu."

"Ako na lango lake," mama akasema.

Hivyo ndivyo nilivyochagua. Nilimwonyesha Mwalimu lugha zote nne, akaichukua Python kwa sababu angeweza kuisoma bila miwani. Kila Ijumaa kabla jua halijazama nilivuka barabara na kumwachia simu, na Jumapili nikaichukua ikiwa na tiki ya kijani. Jumamosi nane zilipita bila kurudishwa mwanzo hata mara moja. Nilikusudia kurudia masomo yake kila Jumapili. Lakini tiki ya kijani ina utulivu fulani, na somo jipya lilikuwa linangoja.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Maswali ya mwanzo niliyajibu mpaka nikajionea fahari. La mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilitupa majina thelathini ya wanafunzi na kututaka tuiamuru kompyuta iyapitie moja moja na kumwandikia kila mzazi ujumbe. Hapo panahitajika lupu, yaani amri fupi ya kurudia jambo mpaka liishe. Nilijua yaliyokuja kabla ya lupu na yaliyokuja baada yake. Lupu yenyewe ilikuwa somo la Jumamosi.

Niliandika mistari thelathini, mmoja kwa kila mwanafunzi.

Msimamizi aliisoma yote. "Hii inafanya kazi," akasema kwa adabu. "Na wanafunzi wakiwa elfu moja?"

"Nitahitaji muda," nikamjibu.

Ujumbe wa kunikataa ulifika kabla sijafika nyumbani. Mwalimu alikuwa langoni kwake na panga mkononi. Akaniuliza swali lilikuwaje, nikamweleza. Aliinama, akaandika mavumbini kwa ncha ya panga. Mistari miwili.

"Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu," akasema. "Si ulirudia?"

Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani. Kazi ile angestahili kupewa yeye, na nadhani sote wawili tulijua. Mama alikuwa amevuka barabara na kusimama nyuma yangu. Alisoma ile mistari kana kwamba anaielewa.

"Nilitaka kukusaidia," akasema polepole. "Kumbe nilikunyima."

Yeye aliyesimama kanisani kwa ajili yangu ndiye aliyekuwa akiomba radhi, na hilo liliniuma kuliko ujumbe wa ofisi.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Jumamosi zilikuwa zake. Jumapili zilikuwa zangu."

Jumatatu nilivaa aproni ya shangazi. Ilinitosha vizuri sana. Jumapili iliyofuata nilirudi nyumbani, nikangoja Mwalimu atoke misa, kisha nikavuka barabara na daftari. Hakuvua hata nguo za kanisani. Alinivutia kigoda, tukaanza Jumamosi ya kwanza.