Hukumu ya Mbelgiji

Baba yangu hakujua Kifaransa, na redio iliyotangaza mbio za baiskeli za Ulaya ilizungumza Kifaransa tu. Kwa hiyo mimi, binti yake niliyemaliza sekondari nikakosa kazi kwa sababu ya vita, nikawa mdomo wa ile redio katika duka letu la vipuri pale Buyenzi, mtaa wetu mjini. Mwanzoni nilitafsiri kwa kumheshimu baba. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nimeambukizwa mapenzi ya mbio kuliko yeye.

Ndani tuliuza spoki, minyororo na mipira. Nje, chini ya bati, baba alitengeneza baiskeli. Mapenzi yake kwa mbio yalianza ujanani, alipokuwa akimtengenezea baiskeli padri mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiletewa magazeti kutoka kwao. Padri aliondoka, baba akabaki na picha moja aliyoibandika ukutani: wanaume wembamba wakipanda mlima wenye theluji, midomo wazi. Aliniambia alipoiona mara ya kwanza alidhani wanalia.

Mtu wa tatu katika kikundi chetu alikuwa mchukuzi wa makaa kutoka Carama, kaskazini mwa mji. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, Mkristo, mwenye miguu mikavu kama kuni na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Alipanda vilima na baiskeli tupu, mara nyingine akishikilia nyuma ya lori, kisha akateremka na magunia mawili ya makaa, kisigino kikisaidia breki. Baba ndiye aliyemchomelea kile kibebeo cha chuma cha nyuma, kipana kama kitanda cha mtoto. Alipokuja mara ya kwanza kulipia kazi ile, redio ilikuwa ikisema mambo ya mlima, akauliza wale watu wanabeba nini.

"Hawabebi kitu," nikamwambia. "Wanashindana tu."

"Wanapanda mulima bila muzigo?" Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikaa hadi mwisho.

Tangu siku ile kila Julai alipanga safari zake ili alasiri imkute dukani. Wakati mwingine ilimbidi aondoke mashindano hayajaisha, kwa sababu bariyeri ya kaskazini, kizuizi cha wanajeshi barabarani, ilifungwa mapema na mtu wa Carama aliyechelewa alikuwa mtu wa kushukiwa. Asubuhi akifika, kabla ya salamu, alitaka kubahatisha nani ameshinda. Karibu kila mara alimtaja Mbelgiji mmoja.

Mbelgiji huyo alikuwa mpandaji milima, si mkubwa wa mwili, na kwa maelezo ya redio hakuwa mtu wa maneno. Alishinda mara moja juu ya mlima mmoja wenye kona nyingi, akiwa amewaacha wenzake wote. Nilitafsiri kona kwa kona, sauti ikinikauka, na mchukuzi wa makaa alisimama akapiga makofi kana kwamba angesikika huko. "Huyu anapanda kama sisi," alisema. "Huyu anajua njaa."

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, habari mbaya ilitangulia. Walisema wamempima Mbelgiji wakakuta dawa iliyokatazwa, dawa ya kuongeza damu. Angepimwa mara ya pili, kisha angeitwa mbele ya waamuzi.

"Dawa ya damu?" mchukuzi akauliza. "Si ndiyo wanampa mama akishazaa?"

"Si ile. Hii inampa mtu nguvu ambazo si zake."

Alifikiri. "Apana. Mutu anapanda na miguu. Wamusikilize kwanza."

Baba naye alikataa kuamini. Ilikuwa inakaribia Oktoba, mwezi ambao hutangazwa njia ya mbio za mwaka unaofuata, na sisi watatu tulikuwa tukingoja mambo mawili kwa pamoja: kama ule mlima wa kona nyingi utarudishwa katika njia, na kama Mbelgiji ataruhusiwa kuupanda. Nilichora ramani ya Ufaransa kwenye katoni, milima nikaiweka kama meno. Tuliizunguka katoni ile kila alasiri mvua iliporuhusu, tukibishana. Nje kulikuwa na vita. Kuna siku tulisikia mabomu upande wa vilima na baba akaongeza sauti ya redio, akatuambia tusogee mbali na mlango, tukaendelea kubishana.

Wiki moja kabla ya njia kutangazwa, mchukuzi alifika na uso mzito. Usiku uliopita walilala kichakani kwa sababu ya risasi, na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mke wake na watoto wawili walikuwa na malaria. Alikuwa na karatasi ya dispensari, akanipa nimsomee.

"Wanataka vidonge," nikasema. "Pakiti moja."

"Unaweza kuninunulia, dada? Mi nishushe makaa kwanza."

Nilichukua ile karatasi. Halafu nikasema maneno ambayo sijawahi kuyamaliza kichwani mwangu. Nikasema: "Wagonjwa ni watatu, na barabara inaweza kufungwa wiki nzima. Tuchukue pakiti tatu."

"Karatasi si inasema moja?"

"We unajua lini utapata tena njia?"

Alinitazama, akakubali. Alikuwa na mazoea ya kuniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyejua redio inasema nini. Nilikwenda duka la dawa, nikarudi, nikazifunga pakiti tatu chini ya kiti cha baiskeli yake kwa ukanda wa mpira. Nilizifunga vizuri, zisilowe. Akamuaga baba, akaondoka jua likiwa bado juu.

Asubuhi yake alikuja mchukuzi mwingine ambaye hatukumzoea. Hakutaka kukaa. Alisema kwenye bariyeri alikuwa nyuma ya mwenzake katika mstari.

"Walimuuliza dawa ni za nani. Akasema za mke na watoto. Wakacheka. Wakasema familia gani inameza pakiti tatu, hizi ni za watu wa porini, za waasi. Wakamuambia aingie ndani ya kambi. Baiskeli nayo ikaingia."

"Alikuwa na karatasi," baba akasema.

"Karatasi waliisoma, muzee. Imeandikwa moja."

Baba hakunigeukia. Mpaka leo sijui kama alijizuia kwa huruma au hakutaka kuona uso wangu.

Alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, akaweka kofia, tukaenda kambini. Mwanajeshi aliyetupokea hakuwa mkali. Alimpa baba kiti. Baba akaeleza kwamba anamfahamu kijana yule miaka mingi, kwamba ni mchukuzi wa makaa tu. Mimi nikaeleza kwa Kifaransa kwamba vidonge nilinunua mimi, kosa ni langu. Akaandika jina langu, akafunga daftari.

"Dosiye, faili lake, iko inachunguzwa. Mrudi wiki ijayo."

Tulirudi wiki iliyofuata. Dosiye ilikuwa inachunguzwa. Tukaenda pia gerezani, hakuwamo katika orodha.

Katikati ya safari hizo redio ikatangaza njia. Baba alikuwa ameshika gurudumu, akalishusha polepole. Mlima wa kona nyingi ulikuwamo. Tena walikuwa wameuweka mwishoni mwa siku, wafike juu na kumalizia huko huko. Nilitafsiri kila mji, na mlima nikautaja harakaharaka, nikapita.

"Umesema upo?" baba akauliza.

"Upo, baba."

"Alhamdulillahi." Akachukua kalamu, akauzungushia duara kwenye katoni. "Akitoka tutamuonyesha."

Mara ya tatu tulimkuta mwanajeshi mwingine. Alipitia daftari juu mpaka chini, akasema mtu wa jina hilo hajawahi kufika pale. Baba aliganda. Nilifuata macho yake. Nyuma ya kibanda, ukutani, ilikuwa imeegemezwa baiskeli yenye kibebeo kipana cha chuma.

"Ile baiskeli," baba akasema, "ni kazi ya mikono yangu."

"Ile ni ya kambi, muzee."

"Niliichomelea mimi. Ona pale kwenye kona, chuma kiliniishia, nikaunga na kipande cha kitanda."

"Muzee," mwanajeshi akasema kwa sauti ya chini, "uko na binti hapa. Rudi nyumbani."

Tukarudi kwa miguu. Sikuwahi kumuona akitembea kama mzee kabla ya siku ile.

Hukumu ya Mbelgiji ilitangazwa siku chache baadaye, alasiri. Sikutaka kufungua redio, baba ndiye aliyeifungua. Walisema kipimo cha pili kimefanana na cha kwanza. Waamuzi walikaa siku mbili. Mbelgiji alikuja na mawakili wawili na daktari wake. Alisema hakujua alichodungwa. Wamemsimamisha miaka miwili, na ana haki ya kukata rufaa.

Nilimwambia baba yote bila kupunguza. Nilidhani atakasirika, au atamtetea.

"Siku mbili walimusikiliza?"

"Siku mbili."

"Na alisema maneno yake yote?"

"Yote, baba. Na anaweza kurudi kusema tena."

Alitikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Kisha akainama akalia, mkono mmoja bado juu ya redio, na wateja wawili waliokuwa wanangoja baiskeli zao wakatoka kimya. Nadhani walidhani amefiwa, na ni kweli alikuwa amefiwa.

Mke wa mchukuzi alikuja Novemba. Alikuwa mwembamba, ametembea kwa miguu kutoka Carama, mtoto mdogo mgongoni. Watoto walikuwa wamepona. Jirani aliwasaidia kwa vidonge alivyokuwa amebakiza. Nilimpa maji na chai, nikamwambia kila kitu, pamoja na pakiti tatu. Nilitaka anipige.

"Kwa nini tatu?" aliuliza tu.

"Ili asihitaji kurudi mjini haraka."

Nikasikia nilichokisema. Naye alikisikia. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akanywa maji yaliyobaki, akauliza kama tunajua mahali pengine pa kuuliza. Tulimtajia ofisi mbili. Alikwenda, najua, kwa sababu alipita kutuambia kwamba hakuna kitu. Baada ya hapo hakupita tena. Vita vilipoisha nilikwenda Carama kumtafuta. Katika ile nyumba niliwakuta watu wengine, wakasema aliyekuwepo alihamia kwa ndugu zake mkoani, hawajui wapi.

Julai iliyofuata mbio zilipita kwenye mlima wetu. Baba alisema ana kazi nyingi, tusifungue redio. Hakuniambia kamwe kwamba kosa lilikuwa langu. Jirani alipotaja habari ile mbele yangu, baba alimkatiza: "Binti yangu alinunua dawa. Dawa si bunduki." Nilishukuru, na bado sikuweza kulala. Baba alifariki kabla ya amani, kwa ugonjwa wa kifua, nyumbani, sisi wote tukiwa pembeni yake.

Mbelgiji alirudi mbioni miaka yake miwili ilipotimia. Nilikuwa peke yangu dukani waliposema ametoka mbele, amewaacha wenzake, mlima umebaki kilomita chache. Nilisogea karibu na redio kama zamani. Nikajikuta ninatafsiri kwa sauti, kwa Kiswahili, neno kwa neno, na hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Walimpita karibu na mwisho. Nikazima redio nikaenda kumhudumia mteja aliyekuwa anataka spoki.