Daktari Aliyelipa Bei ya Kwanza

Katika miaka kumi na tisa ya kuuza vitambaa Yeoville, Johannesburg, Gaston alikuwa hajawahi kulipwa bei ya kwanza. Bei ya kwanza haikuwa bei, ilikuwa salamu. Mteja anaisikia, anacheka, anataja ya kwake, naye Gaston anashika kifua kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba, ndipo biashara inaanza. Kwa hiyo Jumamosi ile, mwanamke mrefu mwenye miwani alipoulizia kitambaa cha suti cha buluu iliyoiva, akasikia bei, akafungua mkoba na kulipa yote, Gaston alibaki ameshika kifua bila sababu.

Alimwacha afike mlangoni, kisha akamwita. Si kwa huruma; huruma aliiacha Lubumbashi pamoja na madeni ya watu. Aliogopa tu kwamba mtu wa namna hii akifika kwao, Randburg au mtaa mwingine wa wenye nazo, na kuambiwa na wenzake kuwa ameibiwa, hatarudi, na wenzake hawatakuja kabisa.

"Mama, rudi kwanza. Kwenu hamupunguzi bei?"

"Si umesema ndiyo bei?"

"Mimi nimesema. Na weye unasemaje?"

"Mimi naona ni sawa tu."

Gaston alimvutia kiti haraka, kama anavyokalishwa mtu aliyetaka kuzimia.

Aliitwa Kagendo, binti wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Meru. Alikuwa amesomea udaktari Marekani, katika chuo cha osteopathia, ambako wanafunzi wanasoma tiba yote kama madaktari wengine, na juu yake wanafundishwa kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono. Alitaka kuwa bingwa wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kisu na kumwamsha baadaye. Huko Marekani aliomba nafasi ya kusomea ubingwa huo katika hospitali arobaini na tatu. Nne zilimwita kwenye usaili. Hakuna iliyomchukua. Mumewe, Roy, alipopata kazi ya benki Johannesburg, akamfuata, na ikamchukua miaka miwili na mtihani mmoja mgumu vyeti vyake kukubaliwa, maana huku mtu akisikia osteopathia anafikiri ni wale wanaokanda migongo. Sasa alikuwa daktari wa kawaida katika idara ya usingizi ya hospitali ya serikali. Ubingwa alikuwa ameuomba mara mbili na kuukosa mara mbili, na mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Kitambaa kilikuwa cha usaili wa tatu. Akikosa huu, Roy alikuwa ameshamtafutia nafasi ya kukagua fomu katika kampuni ya bima.

"Mara ya mwisho walikuuliza nini?" Gaston aliuliza.

"Kama najua kukanda shingo."

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo. Mzee mmoja kwenye jopo akaniomba nimwangalie yake."

"Ukaiangalia, mulemule ndani?"

"Sasa ningekataaje, Papa Gaston?"

Gaston aliona ugonjwa waziwazi, na kama matabibu wengi wasiosomea, aliona pia dawa. Yeye mwenyewe alikuwa na ngiri aliyoipata kwa kubeba marobota. Kwa miaka mitatu aliibana kwa mkanda mpana na kuisihi isubiri msimu uishe. Akatoa pendekezo: yeye atamfundisha dada huyu kupatana bei, dada atamwangalia ngiri na kumwonyesha njia ya kuingia kwenye orodha ya upasuaji. Kagendo alikubali kabla sentensi haijaisha. Gaston akajilaumu kwa kutoomba zaidi.

Masomo yalifanyika Jumamosi tatu, katikati ya marobota. "Usionyeshe unataka," alisema mwalimu. "Mtu akiona mate yanakudondoka, bei inapanda. Ukishasema lako, nyamaza. Anayevunja kimya ndiye anayelipa. Na ikishindikana, simama, uende mlangoni polepole. Watakuita."

Mkewe, Léocadie, alikuwa akisuka nywele katika nusu ya pili ya duka. Hakuinua macho. "Mama dokta, muulize aliponiposa alionyesha kutaka au hakuonyesha."

"Ile ilikuwa familia, siyo biashara," alisema Gaston.

"Baba alitaja mbuzi sita. Huyu akasema sawa, na akaongeza wa saba kwa mdomo wake mwenyewe."

Kagendo alicheka mpaka akavua miwani. Bado aliandika kila kitu kwenye daftari.

Wiki moja baada ya usaili alirudi dukani, suti ya buluu ikiwa imemkaa vizuri sana.

"Walipouliza kwa nini unataka usingizi, ulisemaje?" Gaston alianza.

"Nilisema bado naangalia nafasi kadhaa."

"Vizuri. Halafu?"

"Nikanyamaza. Na wao wakanyamaza. Wakaangaliana."

"Ulisimama?"

"Nilisimama. Nikaenda mlangoni polepole, kama ulivyoniambia."

"Wakakuita?"

"Nilifika mpaka kwenye lifti, Papa Gaston."

Gaston alikunja kitambaa ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa. Nafasi zilikuwa mbili. Moja ilipewa mtu mwingine, ya pili iliahirishwa hadi mwezi ujao kwa sababu jopo halikuridhika na yeyote. Kagendo alikuwa bado anaweza kuitwa tena, ikiwa Profesa, mama mkavu aliyeongoza idara, ataona inafaa. Alieleza hayo bila kulaumu, jambo lililomkera Gaston zaidi kuliko matusi. Mteja akikutukana unajua mpo sawa.

Léocadie alisema tu, "Mbuzi wa nane."

Siku kumi baadaye zamu ya ngiri ikafika. Barua ya hospitali ilisema mgonjwa asile chochote tangu saa sita usiku. Gaston aliisoma mara mbili na kutabasamu. Tangu usiku wa manane mpaka atakapoitwa? Hiyo ilikuwa bei ya kuanzia. Hakuna mtu mwenye akili anayeandika bei ya mwisho kwenye barua. Wanataja kufunga kwa muda wa saa tisa ili wapate tano, na yeye, kwa kuwa anafahamiana na daktari, angeweza kushuka hadi tatu. Saa kumi na mbili asubuhi, Léocadie akiwa bafuni, alikula.

Saa tatu alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni lililofunguka mgongoni, vazi ambalo mwanamume hawezi kufanyia biashara yoyote. Kagendo alikuja na faili. Nyuma yake alisimama Profesa, akikagua kazi za madaktari wake asubuhi ile.

"Papa Gaston, mara ya mwisho kula ilikuwa lini?"

"Jana."

Kagendo hakuandika. Alimtazama, kalamu mkononi, akanyamaza.

Gaston alikijua kimya kile. Kilikuwa chake, alikuwa amekiuza mwenyewe. Alihesabu nyufa za dari. Akakohoa.

"Labda chai," alisema.

Kimya.

"Ya maziwa. Kidogo."

Kimya.

"Na andazi nusu. Mawili. Lakini madogo, mama dokta, siyo yale makubwa ya Diepsloot."

Kagendo alimwangalia tu.

"Na soseji," alisema Gaston, akashangaa kusikia sauti yake. Hata kwa mbuzi wa saba hakuwa amepanda kwa kasi ile.

Kagendo alifunga faili. "Leo hatufanyi."

Daktari wa upasuaji aliyekuwa akisubiri mlangoni alivuta pumzi kwa nguvu. "Ni andazi tu. Nina watu sita leo. Nikimwondoa, nafasi yake inaharibika."

"Nikimlaza, kilicho tumboni kitapanda na kuingia mapafuni."

"Inatokea mara moja kwa elfu."

"Hapana," alisema Kagendo.

Gaston aliona amsaidie. "Basi nipe dawa nusu, mama. Mimi ni mwanamume, nitavumilia iliyobaki."

"Hapana, Papa Gaston."

Alisema bila kupandisha sauti, na hakuongeza neno. Mwanamke aliyeshindwa kupunguza hata randi moja kwenye nguo yake mwenyewe hakupunguza hata dakika kwenye mapafu ya mtu mwingine. Daktari wa upasuaji alimgeukia Profesa. Profesa alikuwa akisoma ubao wa ratiba kama mtu anayesubiri basi. Akasema, "Mlete anayefuata," akaondoka.

Gaston alirudishwa nyumbani na ngiri yake, na tarehe mpya ya Machi.

Kagendo aliitwa tena kwenye usaili. Safari hii hakuna aliyeuliza habari za shingo. Profesa alitaka kujua kitu kimoja: kama yeye mwenyewe, Profesa, angemwamuru siku ile amlaze mgonjwa wa soseji, angefanyaje. Kagendo akasema angekataa. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba kazi hii ameitaka kwa miaka minane na haitaki nyingine. Mate yalidondoka waziwazi. Wakampa miaka minne ya ubingwa.

Alikuja dukani mwezi wa Januari kutafuta kitambaa cha kijivu. Gaston alitaja bei. Kagendo akataja nusu yake.

Gaston alishika kifua. Kagendo alinyamaza. Gaston alishusha kidogo, akajiuma ulimi kwa kuvunja kimya, akashusha tena. Kagendo alisimama, akaenda mlangoni polepole, akatoka.

"Atageuka," Gaston alimwambia mkewe.

Hakugeuka. Gaston alitoka na robota begani, akaliweka chini kwa sababu ya ngiri, akachukua kile kitambaa peke yake, akaufuata mgongo ule mrefu huku ameshika mkanda kwa mkono mmoja. Alimpata kwenye robot, kama wanavyoita huku taa za barabarani, na hapo ni kwa sababu ilikuwa nyekundu.

"Chukua," alisema, akihema. "Kwa bei yako. Naongeza na vifungo."

Aliporudi, Léocadie alikuwa amesimama mlangoni na kitana mkononi.

"Umeongeza mbuzi?"

"Vifungo," alisema Gaston. "Vifungo vinane tu."