Mtoto Aliyesema Ameua

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Runingu, mtoto wa miaka minne aliniambia miti ndiyo inaleta upepo: inajitikisa, upepo unatoka. Nikacheka. Mama Direktrisi, mkubwa wa shule yetu ya maternele, yaani ya watoto wadogo, akanivuta pembeni.

"Weye mwalimu, usicheke. Umuulize: umejuaje?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Mtoto mdogo akiona jambo linatangulia lingine, anasema la kwanza limezaa la pili. Hata wazo la moyoni analihesabu kuwa tendo. Hadanganyi, akili yake ndiyo inajifunza kutembea. Dawa ni kumjaribisha: mpe sahani apepee, aone upepo bila miti. Akikaribia miaka mitano, sita, anaanza mwenyewe kusema "ngoja nijaribu".

Baadaye nikahamishiwa Kasenga, hapa Uvira. Huko ndiko nilikoona watu wazima wenye diploma wakishindwa na somo hilo! Furaha, msichana wa miaka mitano wa darasa langu, alimwambia shangazi yake, "Miye niliua mtoto wa mama." Mimba ya mama yake ilikuwa imeharibika wiki ile, mtoto akafia tumboni. Shangazi akapiga yowe: mchawi! Baba akamleta shuleni, akisema binti huyo hatalala tena nyumbani kwake. Naye Direkta, mkubwa wa shule hiyo, akachukua kalamu afute jina lake kwenye daftari; nikamzuia.

"Mwalimu, mtoto amekiri mwenyewe. Unataka nini tena?"

Jamani, kukiri! Nikamuuliza Furaha alifanya nini.

"Nilisema ndani ya roho, sitaki mtoto. Akakufa."

"Haya, sema ndani ya roho kiti hiki kianguke."

Akafumba macho, akakaza uso. Akafumbua. Akajaribu tena.

"Hakianguki," akasema.

"Kiti si mtu," Direkta akadakia. Aibu gani hiyo, mtu mzima!

Furaha hakumsikiliza, alikuwa bado anafikiri. Akamgeukia baba yake.

"Baba, mama alilia tumbo siku mbili. Juu ya nini hatukumupeleka ku hospitali?"

Baba akaketi kwenye benchi la watoto, akafunika uso kwa mikono. Mwishowe akamshika binti yake mkono, wakarudi nyumbani pamoja.

Direkta alifuta jina hata hivyo. Nikamfundisha Furaha barazani kwangu mwaka mzima, nikiwa na uchungu kila asubuhi.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana wananiuliza mtoto anaanza kuelewa sababu ya mambo akiwa na miaka mingapi. Mitano, nawajibu. Direkta wangu alikuwa na hamsini na kitu, bado.