Ufunguo wa Pili

Kwenye mtambo ule wa umeme walimwita Kufuli, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi umeme, mbishi wa kupindukia, miaka ishirini na minane kazini. Sheria yake ilikuwa moja: anayeingia ndani ya mashine huizima, huifunga swichi yake kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo huuvaa shingoni. Kufuli jipya huja na funguo mbili. Ule wa pili aliuweka juu ya chuma akauponda kwa nyundo, mwenye kufuli akiona.

"Mke wa pili ukitaka, oa," aliwaambia mafundi wenzake. "Ufunguo wa pili, hapana!"

Walimcheka. Lakini miaka yote hiyo hakufa mtu, na wakubwa hawakuliona hilo, maana ajali isiyotokea haina ripoti.

Kisha akateleza yeye mwenyewe. Siku hiyo mkewe alianguka jikoni, jirani akapiga simu, naye akatoka mbio. Kufuli lake lilibaki kwenye swichi ya mashine ya kusagia makaa ya mawe, na ufunguo akaenda nao hospitali. Mashine ililala kwa muda wa saa sita, nusu ya mji ikakosa umeme. Mkewe alipona, ila yeye alikiona cha mtema kuni. Meneja alimsema mbele ya zamu nzima kama mtoto, na kabla ya jioni ikatoka amri: kila ufunguo wa pili ukae kwenye droo ya msimamizi wa zamu.

Kufuli, aliyekuwa tayari kubishana hata na mvua, hakufungua mdomo. Aibu ni kitu kibaya. Humfanya mtu aione hata haki yake kuwa kosa. Mkwewe, fundi mitambo aliyemwoa binti yake wa pekee, alimfuata karakana na kufuli jipya.

"Baba, nyundo iko wapi? Niuponde huu."

"Peleka kwenye droo, mwanangu. Tusitafute maneno na wakubwa. Mimi nimeshawaponza vya kutosha."

Mkwe akaupeleka.

Miezi saba baadaye, saa nne asubuhi, mkwe huyo aliingia ndani ya mashine ileile kubadilisha vyuma vya kusagia. Aliizima, akaifunga, akavaa ufunguo wake. Wakubwa huko juu wakawa wanahimiza iwashwe. Msimamizi wa zamu alishuka, akaliona kufuli, akaita mara mbili. Kwa kelele za mashine nyingine, hata anayeitwa sikioni hasikii.

"Huyu naye kasahau, kama Mzee Kufuli," alisema, na watu wakacheka. Akauleta ufunguo wa kwenye droo, akafungua, akawasha.

Jeneza halikufunuliwa.

Wachunguzi walikuja na makaratasi yao, wakaandika kwamba utaratibu uliowekwa ulifuatwa. Kufuli aliwatukana waziwazi. Aliwaeleza ya meneja, ya msimamizi na ya ile amri. Ya karakana hakuyasema.

Siku ya nne baada ya mazishi, binti yake alikaa mbele yake sebuleni na bahasha ya vitu vya marehemu. Alitoa ufunguo uliofungwa kamba, umepinda kidogo, akamwekea baba yake kiganjani.

"Baba, aliniambia akiwa na huu shingoni hakuna anayeweza kumwashia mashine. Sasa waliwashaje?"

Angeweza kumtaja meneja. Ingekuwa kweli, na binti angemwamini. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, na Kufuli aliona haya kuliko siku ile ya meneja.

"Kulikuwa na wa pili," alisema. "Alitaka kuuponda. Alikuja kwangu kuuliza nyundo. Mimi ndiye niliyemkataza, mwanangu, kwa sababu niliogopa kusemwa tena."

Binti hakulia. Aliuchukua ule ufunguo kiganjani mwa baba yake, akauvaa shingoni, akaingia chumbani na kufunga mlango kwa ndani.