Pima Moja ya Kamba

Kila mwanzo wa muhula wa kwanza, mimi ndiye ninayechora njia ya mbio katika shule yetu ya sekondari, hapa Utange. Mimi ni mwanamke niliyesoma mpaka darasa la nane tu, lakini kazi hii naijua. Nachomeka kigingi, nafunga kamba, naivuta mpaka ikaze, kisha nazunguka nayo huku nikimwaga oili chafu kwa birika kuukuu. Chokaa inapendeza, ila mvua moja tu na imekwenda. Oili hukaa. Nikimaliza kona mbili naziunganisha kwa mistari iliyonyooka, na mtu akizunguka mara moja amekimbia mita mia nne. Mwamuzi yeyote na aje na utepe wake.

Shule yetu ni ya kutwa, haina jukwaa wala bweni, lakini kwa mbio tunajulikana. Watu wa bara wakitutania kwamba sisi wa pwani tunajua kula pilau na kulala, tunawapeleka kwenye ukuta wa ofisi ya michezo. Hapo yameandikwa kwa rangi majina ya waliokimbia kuliko wote, na muda wao. Jina likishapitwa, mwalimu halifuti. Huitwa mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwake, akapewa brashi ya chokaa alifute kwa mkono wake mwenyewe, huku watu wakimpigia vigelegele.

Jina la dada yangu lilikuwa pale, mita mia nne wasichana. Alikimbia akiwa kidato cha nne, na suruali ndefu, mtandio kaufunga nyuma ya shingo. Hakuna aliyewahi kumpita. Alifariki mwaka juzi kwa maradhi ya figo. Tangu hapo, mama akiniletea chakula cha mchana hupita kwanza ukutani. Hagusi. Anasoma, anaondoka.

Zamani nilikuwa nikifagia madarasa hapo shuleni; kazi ya uwanja nilipewa mwaka jana, mzee aliyekuwa akiifanya alipostaafu. Siku ya kwanza nilipozunguka na kamba nilisimama katikati ya kona, birika mkononi. Nilikumbuka mbuzi.

Mwaka ule aliokimbia dada, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alinunua mbuzi wa Idi kubwa, na kamba yake ilikuwa fupi, hata hafikii majani. Kamba ya mzee wa uwanja ilikuwa imeanikwa kwenye ua wa shule, jirani na kwetu. Niliikata katikati, nikatoa pima moja ya mikono yangu, kisha nikaziunga ncha kwa fundo ili mzee asijue. Kamba ile ilikuwa ya nini, sikuuliza. Wiki iliyofuata mzee aliichorea uwanja wa mashindano. Msimu wa pili ikakatika penye fundo, akanunua mpya, na mambo yakarudi sawa.

Sasa kamba ilikuwa mkononi mwangu, na nikaelewa. Ukiifupisha, kona inaingia ndani, tena zote mbili. Nilihesabu kwa miguu. Mzunguko aliokimbia dada ulipungua hatua kumi, labda zaidi.

Nilinyamaza msimu mzima. Dada alikuwa hajatimiza mwaka kaburini, na ukuta ule ndio mama alioushika.

Aliyenifungua mdomo ni msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa Kiembeni. Mwaka huu alifanya mazoezi kila Jumatano, mwalimu wa michezo akimshikia saa. Kila mara aliukosa muda wa dada kwa sekunde moja. Jumatano moja nikamsikia mwalimu:

"Yule aliyeandikwa pale alikuwa na miguu minne? Wewe ni mvivu tu. Kaza!"

"Mwalimu, wallahi nimekaza mpaka nimeona nyota."

"Nyota hazivalishi mtu medali."

"Bui wangu, kesho kimbia na bodaboda!" rafiki yake akamtupia, na wote wakacheka.

Msichana akavua viatu, akasema harudi tena.

Nilimfuata mwalimu ofisini nikamweleza yote, kamba na mbuzi. Ni mwanamke wa bara, hana maneno mengi.

"Dada, hayo yamepita. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na yule mtoto unayemwita mvivu si mvivu."

Akaiweka saa yake mezani. Kisha akauliza, "Na mama yako?"

Hilo ndilo nililoliogopa. Nilimkuta mama anachambua mchele, nikamwambia bila kuzunguka. Hakuinua macho kwenye ungo.

"Pima moja?"

"Pima moja, mama."

"Kwa mbuzi yule?"

"Ndiye."

"Na nyama yenyewe ngumu, tulitafuna mpaka Idi ikaisha." Hakucheka, nami sikucheka. Alitoa kijiwe kimoja, akakitupa. "Wale wenziwe, siku ile walikimbia wapi?"

"Njia hiyo hiyo. Wote."

"Basi alishinda."

"Alishinda. Muda ndio si wa kweli."

"Nitafutie brashi," akasema.

Alhamisi, mbele ya gwaride la asubuhi, nilisimama nikasema nilichofanya, kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia. Kisha mama akachovya brashi. Alifuta muda kwanza, halafu jina, herufi moja moja, bila haraka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nadhani watu hawakujua kama ile ni furaha au msiba. Mama alinirudishia brashi, akajipangusa mikono kwenye leso yake, akapiga kigelegele mwenyewe, kirefu. Ndipo wasichana wakampokea, na uwanja mzima ukalia.

Medali ya dada iko nyumbani, imetundikwa palepale. Ile aliipata kwa miguu yake na sina wasiwasi nayo. Ukutani pamebaki nafasi nyeupe, na mama bado hupita. Aliniambia pale peupe anapaona vizuri zaidi.

Jumatano iliyofuata msichana wa Kiembeni alirudi, viatu mkononi. Nilikuwa nimechora upya, oili bado inang'aa. Alikuja mpaka nilipoinama.

"Shikamoo, mama. Umepima?"

"Marahaba. Nimepima mara mbili. Vaa viatu ukimbie."