Sikio Langu Mlangoni pa Shangazi Merisiana

Harufu ya sindano iliyochomwa kwenye mshumaa naijua hadi leo. Ni harufu ya chuma na moshi, na siku ile ilichanganyika na harufu ya soksi zenye unyevu, maana nilikuwa nimesimamishwa pale mlangoni ambapo wageni huvua viatu vya theluji. Shangazi Merisiana alinibana kichwa kwenye mwimo wa mlango, shavu langu likagusa rangi ya mbao iliyokuwa baridi. Mchungaji Obadia ndiye aliyeshika sindano, ile nene ya kushonea mablanketi. Waumini wa ibada ya Jumamosi walijaa sebuleni wakipiga makofi na kuimba pambio. Nilipolia wakaongeza sauti. “Tulia wewe Spesi,” shangazi akasema, “hata mbuzi hutulia!” Watu wakacheka. Sindano ilipogota kwenye mbao, mchungaji akaichomoa, na tone la damu likaangukia kiatu chake kilichokuwa pale chini. Mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikageuza kichwa nikawapa na sikio la pili. Nilidhani natiwa herini. Wakacheka zaidi. “Moja linatosha,” alisema mchungaji. Shangazi akanitupia kitambaa nifute kiatu, nikafuta.

Nirudi nyuma kidogo, msomaji anielewe. Mama yangu alifia kambini, kule Kigoma, tulikokimbilia kutoka Burundi. Baba alishatangulia. Shangazi Merisiana, dada yake baba, akaja kutoka Uswidi akinukia manukato, akatutazama watoto wote wa ukoo, akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni na ndoo ya maji kichwani. Kwenye makaratasi aliniongezea umri, nionekane nimeshapita miaka ya kulazimishwa kwenda shule. Sikujua. Nilijua tu kwamba ninapanda ndege. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi kule Hjulsta, mtaa aliokaa shangazi huko Uswidi, nilipewa ndoo na tambara siku ile ile niliyofika, koti likiwa bado mwilini.

Shangazi alikuwa mjane mwenye binti mmoja mdogo, Liliani. Nilimwogesha, nilimsuka, nilimlisha uji akiwa amekaa mapajani pangu. Nilifua nguo kule chini kwenye chumba cha kufulia cha jengo, nikapanda na kapu linalovuja maji. Jumamosi waumini walipokuja, kazi yangu ilikuwa viatu: kuvipanga viwili viwili na kufuta theluji iliyoyeyuka sakafuni kabla soksi za watu hazijalowa. Nilimjua kila mtu kwa kiatu chake kabla sijamjua kwa jina. Liliani alipoanza shule, akarudi na begi jekundu akizungumza Kiswidi, nami nikaomba niende. Shangazi hakunipiga. Alicheka. “Sara alikuwa na mjakazi wake Hajiri, mimi nina wewe. Hajiri alisoma wapi?”

Ndiyo siku niliyotoka na mfuko wa takataka nisirudi. Niliutupa, nikaendelea kutembea mpaka kituoni, nikapita getini nyuma ya mama mmoja aliyesukuma gari la mtoto, nikapanda treni hadi Sundbyberg. Ndani ya nchi nzima ile nilimjua mtu mzima mmoja tu wa kumkimbilia, naye ni Mchungaji Obadia aliyekaa huko, kwa kuwa alituombea tukiugua, na mkono wake ulikuwa mwepesi juu ya kichwa. Mkewe alinipa chai ya maziwa na mkate. Nikawaeleza yote. Nikajiona nimepona. Kisha nikamwona mchungaji anavaa koti.

“Baba Mchungaji, mwache alale hapa leo,” mkewe akasema.

“Mali ya mtu hailali nje, mama.”

Kwenye treni aliniketisha dirishani, akanisimulia habari za Onesimo, mtumwa aliyemtoroka bwana wake Filemoni, na jinsi mtume Paulo alivyomrudisha. Aliisimulia vizuri, nisikufiche, sauti yake ilikuwa tamu kama ya baba. Akaishia pale Onesimo anaporudi. Nilifikiri hadithi imekwisha.

Jumamosi iliyofuata akahubiri juu ya uaminifu. Akasema zamani za Musa mtumwa aliyempenda bwana wake alisogezwa mlangoni akatobolewa sikio, ikawa alama ya heshima. Akaniita kutoka kwenye viatu.

“Spesi, unampenda shangazi yako?”

“Nampenda.”

“Unampenda Liliani?”

“Nampenda sana.”

“Haleluya! Mmesikia wenyewe.”

Sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko sindano. Nilimpenda yule mtoto. Ningejibu vile vile hata leo. Wangenikuta na chuki tu, wasingepata pa kunishika. Baada ya hapo sikutoroka tena. Ningetorokaje, na nilikuwa nimeapa kwa mdomo wangu, mbele ya watu wa Mungu? Niliondoka pale siku nilipoolewa, mtu mzima asiyejua kusoma jina lake.

Kusoma nimejifunza ukubwani, kwa taabu, na si sana. Lakini masikio ninayo, hata hili moja lenye kovu lililovimba kama punje ya hindi, ambalo baridi ikianza huuma kabla ya jingine. Kanisani ninaposali sasa, huku mtaani kwangu Akalla, dada mmoja alisoma ile sheria ya Musa toka juu hadi chini. Kumbe mtumwa yule alitumika miaka sita, na wa saba akaambiwa nenda, uko huru. Kumbe kwingine imeandikwa asiondoke mikono mitupu, na mtumwa aliyekimbia asirudishwe kwa bwana wake. Kumbe Onesimo alirudishwa ili apokewe si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Leo ninasafisha shule, na kila ninapopangusa madawati madogo namkumbuka yule mtoto wa viatu. Binti yangu huniuliza kwa Kiswidi kwa nini nina tundu upande mmoja tu. Yeye anasoma, vitabu vyake vimejaa mezani, na mimi namwonea wivu mwanangu wa kumzaa. Shangazi Merisiana amezeeka, akinipigia simu huniita mwanangu. Na Mchungaji Obadia anaandaliwa sherehe ya utumishi wake mwema. Nimeombwa nikapike.

Nitakuja, Mchungaji, lakini sitapika. Nitavua viatu mlangoni kama wengine na nitakaa mbele. Usimame, na Shangazi Merisiana asimame kando yako kama siku ile, mkaisome ile sheria pamoja na sehemu mliyoiruka. Kisha mnijibu mbele ya watu wale wale waliopiga makofi: kabla hamjanitoboa sikio kwenye ule mlango, ni nani kati yenu aliyenifungulia kwanza, akaniambia ninaweza kutoka?